Kazi na ugonjwa wa akili

Kazi na ugonjwa wa akili ni suala la jinsi mtu anayeishi na maradhi kama skizofrenia, bipola, sonona au wasiwasi uliopita kiasi anavyopata kazi, anavyoidumisha na anavyoirudia baada ya kuugua. Makala hii inahusu hasa Tanzania Bara. Mfano wake mkuu ni kisiwa cha Bwejuu, mojawapo ya visiwa vidogo vya Wilaya ya Mafia katika Mkoa wa Pwani, kwa kuwa maisha ya visiwa vya namna hiyo yanaonyesha wazi jambo ambalo maandishi mengi juu ya mada hii hulipita: watu wengi nchini wanafanya kazi lakini hawana mwajiri. Kisiwa hiki kisichanganywe na kijiji cha Bwejuu kilichopo pwani ya mashariki ya Unguja, ambacho kiko chini ya sheria za kazi za Zanzibar.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu 15 katika kila watu wazima 100 wa umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo linakadiria pia kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka, hasara inayofikia dola trilioni 1 za Marekani. Hesabu hizo zina faida yake kwa mawaziri wa fedha, lakini hazisemi mengi kuhusu mvuvi aliyebaki pwani siku ambayo wenzake wametweka tanga.

Dalili zinavyoonekana kazini

Ugonjwa wa akili mara nyingi huja na kuondoka. Mtu huugua kwa wiki au miezi kadhaa, akapata nafuu, akakaa mzima muda mrefu. Kazi aghalabu haipotei katika siku za ugonjwa mkali, ambapo kila mtu anaona kwamba mwenzao ni mgonjwa, bali kabla na baada ya siku hizo, wakati dalili zinapochukuliwa kuwa tabia mbaya.

Mwenye sonona huamka amechoka, huchelewa, husahau alichotumwa na hufikiri polepole. Wenzake humwita mvivu. Mwenye bipola anapoanza kupanda huonekana kinyume chake kabisa: ana bidii ya ajabu, halali, anaanzisha miradi mitatu kwa siku moja, anakopa na kuahidi. Mwanzoni husifiwa, na sifa hizo ni hatari, maana hakuna anayemshika mkono hadi mambo yaharibike. Mwenye skizofrenia anaweza kusikia sauti au kuamini kwamba wenzake wanamfanyia njama. Hata sauti zinapotulia kwa dawa, huenda akabaki na ugumu wa kuanza jambo, kupanga hatua zake na kuzungumza na watu. Ugumu huo wa baadaye ndio unaowakosesha wengi kazi, na ndio usioeleweka zaidi.

Kifafa si ugonjwa wa akili, bali ni maradhi ya ubongo. Nchini Tanzania hata hivyo wenye kifafa hutibiwa mara nyingi katika kliniki zilezile za afya ya akili, na hukutana na vikwazo vinavyofanana kazini.

Kazi katika historia ya matibabu

Wazo la kuunganisha kazi na tiba si geni nchini. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari Wajerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na wagonjwa walishiriki kilimo na kazi za mikono. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na jina lake limeingia katika lugha ya mitaani kama neno la kejeli, sawa na Kidongo Chekundu kwa watu wa Zanzibar. Mtu aliyewahi kulazwa huko hubeba jina hilo hadi mahali pa kazi.

Baada ya uhuru, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliopata nafuu waliishi, kulima na kujifunza upya maisha ya kawaida kabla ya kurudi kwao. Kijiji cha Vikuruti, nje ya Dar es Salaam, ni cha aina hiyo. Mpango huo ulifaa kwa watu waliotoka katika familia za wakulima. Ulikuwa na udhaifu mmoja: mgonjwa alijifunza jembe, kumbe nyumbani alikuwa fundi cherehani au baharia.

Mwelekeo wa sasa katika nchi nyingi ni kumrudisha mtu kwenye kazi halisi mapema, kisha kumsaidia akiwa ndani ya kazi hiyo, badala ya kumfundisha kwanza mahali pa pembeni. Njia hiyo ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1990 na Robert Drake na Deborah Becker, na majaribio mengi yameonyesha kwamba huwapatia watu kazi zaidi kuliko karakana za mafunzo. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, shirika la BasicNeeds, lililoanzishwa mwaka 2000, lilifanya kazi mkoani Mtwara kwa kuunganisha matibabu na shughuli za kujipatia riziki: mgonjwa alisaidiwa kupata dawa karibu na kwake, na pamoja na hayo kurudia kilimo, ufugaji au biashara ndogo.

Haki za mfanyakazi aliyeajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri wa Tanzania Bara kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na inasema wazi kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inauelezea ulemavu kwa kuhusisha sababu za kimwili, kiakili na kijamii, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya magonjwa ya akili, inahusu zaidi matibabu na kulazwa kuliko kazi.

Kwa mgonjwa, kifungu chenye manufaa ya haraka ni kile cha likizo ya ugonjwa. Mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini ana haki ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu mtu anayeugua sonona hujifungia ndani, haendi hospitali, na siku zake zinaandikwa kuwa ni utoro. Ndugu anayempeleka kupata cheti katika siku za mwanzo anaokoa kazi hiyo kuliko atakayekuja baadaye kumwombea msamaha kwa meneja.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, achunguze chanzo cha tatizo, ukubwa wake na kama ni la muda au la kudumu, kisha aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo kazi nyingine inayomfaa. Mfanyakazi lazima ashirikishwe, na anaweza kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Aliyeachishwa isivyo halali hupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Siku hizo ni chache mno kwa mtu aliyetoka wodini, hivyo ni busara mtu wa familia azihesabu kwa niaba yake.

Marekebisho yanayoombwa mara nyingi hayana gharama kubwa: kuhamishwa kutoka zamu ya usiku, kupewa maelekezo kwa maandishi, kupata ruhusa ya siku moja kwa mwezi ya kwenda kliniki, au kukaa mbali na kelele.

Kazi isiyo na mwajiri: mfano wa Bwejuu

Katika visiwa vidogo vya Mafia sheria hizo zinawagusa wachache, kama vile walimu, wahudumu wa afya na wafanyakazi wa hoteli. Wengine wanaishi kwa uvuvi, pweza, mwani, minazi na biashara ndogo. Mvuvi hapati mshahara bali mgawo: baada ya samaki kuuzwa na gharama kuondolewa, kuna sehemu ya chombo, sehemu ya nyavu na sehemu za mabaharia. Asiyekwenda hana sehemu. Hakuna siku 126, na hakuna Tume ya kumshtaki nahodha aliyesema kwamba nafasi imejaa.

Hata hivyo kazi hizo zina unyumbufu ambao ofisi haina. Chombo kinahitaji watu wa baharini, lakini kinahitaji pia wa kushona nyavu, kukalafati, kusuka dema, kupara na kukausha samaki. Mtu ambaye hawezi kukaa saa nyingi na wenzake ndani ya mashua anaweza kushona nyavu kivulini peke yake, na mkono wake usipoachishwa kazi kabisa anarudi baharini kwa urahisi zaidi. Kilimo cha mwani nacho kinamruhusu mtu kuwa na kamba chache mwezi huu na nyingi mwezi ujao.

Jambo la pili ni kwamba kalenda ya kazi ni mwezi wa angani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo maji yakikauka sana wanawake kwa wanaume hushuka mwambani kutafuta pweza. Wakulima wa mwani nao hutegemea maji hayohayo. Kliniki inafuata kalenda ya ukutani. Tarehe ya kurudi hospitali ya wilaya iliyopo Kilindoni ikiangukia katikati ya bamvua, mgonjwa anatakiwa kuchagua kati ya dawa na siku zake bora za mapato, na hata pale dawa inapotolewa bila malipo, kuna nauli ya chombo na siku nzima ya kwenda na kurudi. Wengi huchagua pweza. Muuguzi anayemwona mgonjwa kuwa mtoro wa kliniki angefanya vema kumwuliza kwanza kuhusu maji. Tarehe ikipangwa wakati wa maji mafu, shida hiyo inakwisha bila kutumia hata shilingi moja.

Upepo una sauti yake pia. Wakati wa kusi bahari huchafuka na safari huahirishwa. Mgonjwa anayeishi kisiwani anahitaji kuomba dawa za akiba kabla ya msimu huo, kwani kukatika kwa dawa ni mojawapo ya sababu kubwa za ugonjwa kurudi.

Dawa na kazi ya baharini

Dawa nyingi za magonjwa ya akili zilizo kawaida katika hospitali za Tanzania zina athari ambazo mtu wa ofisini huzivumilia, lakini kwa mvuvi ni suala la usalama. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu yake. Aeleze kazi yake kwa mhudumu wa afya ili kipimo, saa au aina ya dawa ibadilishwe.

Klopromazini huifanya ngozi iungue haraka kwa jua, kwa hiyo anayeitumia avae shati la mikono mirefu na kofia pana hata siku ya mawingu. Huleta pia usingizi, na kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Kusimama kwa pupa ndani ya ngalawa kunaweza kumtupa majini. Dawa za kundi hilo hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, hivyo kazi nzito ya adhuhuri inahitaji maji mengi ya kunywa na mapumziko. Haloperidoli na flufenazini zinaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono, na mshona nyavu huliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Tatizo hilo hutibika kwa kupunguza kipimo au kuongeza benzheksoli.

Flufenazini ya sindano hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa mtu anayelala dago, kwenye kambi za wavuvi mbali na nyumbani, sindano hiyo ni afadhali kuliko vidonge vinavyolowa na kusahaulika, na humwepusha na macho ya wenzake kila jioni. Amitriptilini huleta usingizi na humezwa usiku, wakati fluoksetini humezwa asubuhi. Zote mbili huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu ya sonona, na mtu asiyeambiwa hivyo huziacha siku ya tano akisema hazifai.

Lithi, dawa ya zamani na nzuri ya bipola, ni ngumu kuitumia kisiwani. Inahitaji kupimwa katika damu mara kwa mara, na kiwango chake hupanda hadi kuwa sumu mwili unapokauka kwa jasho, kutapika au kuhara. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani bila kuulizwa, hukipandisha pia. Mahali pasipo na maabara ya karibu, dawa nyingine mara nyingi hufaa zaidi.

Usingizi wenyewe ni sehemu ya tiba. Uvuvi wa dagaa hufanyika katika usiku wa giza kwa taa, na kukesha mfululizo kunajulikana kuamsha hali ya kupanda kwa mwenye bipola. Huyu anafaa kutafuta chombo cha mchana. Mwezi wa Ramadhani huleta swali linalofanana na hilo, kwa kuwa saa za kula na kulala hubadilika. Dawa inayomezwa mara moja inaweza kuhamishiwa baada ya futari, lakini mwenye kutumia lithi azungumze na daktari kabla ya kufunga. Uislamu umempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ruhusa hiyo si ya mwenye homa peke yake.

Jini, mganga na hospitali

Katika pwani yote ya Waswahili, mtu anayebadilika tabia huenda akaelezwa kuwa ana jini au amerogwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa cha Mafia mwaka 1965, ameandika kwa kirefu juu ya nafasi ya pepo katika maisha ya watu wa huko, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1997 kiitwacho African Voices, African Lives. Waganga huwaona watu wengi wenye maradhi haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Dar es Salaam ulikuta sonona, wasiwasi na matatizo yanayofanana nayo kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga, na kwa asilimia 24 ya waliokwenda kwenye vituo vya afya vya msingi.

Kuhusu kazi, maelezo ya jini yana pande mbili. Upande mmoja yanamwondolea mgonjwa lawama: hakuwa mvivu wala mwizi, aliingiliwa, na ngoma ikiisha anapokelewa tena. Upande wa pili yanamchelewesha. Miezi inayopita kabla ya dawa kuanza ni miezi ya kazi iliyopotea, na fedha za uganga mara nyingi hutoka katika kuuza vyombo vya kazi vyenyewe, yaani nyavu, mashine au mtumbwi. Familia inayokwenda kwa mganga na hospitali kwa pamoja haipaswi kuchekwa na mhudumu wa afya, mradi dawa haikatizwi.

Kusema au kunyamaza

Mjini, mwenye ugonjwa wa akili hujiuliza kama amwambie mwajiri. Akinyamaza anaepuka kejeli, lakini hawezi kudai marekebisho ya kazi kwa tatizo lisilojulikana. Njia ya kati ni kumwambia mtu mmoja mwenye mamlaka, na kumwomba daktari aandike muda wa mapumziko na mipaka ya kazi bila kueleza ugonjwa kwa undani. Wapo walioamua kusema hadharani. Mkenya Sitawa Wafula, anayeishi na kifafa na bipola, alisimulia maisha yake jukwaani mjini Arusha mwaka 2017, naye ndiye mwanzilishi wa huduma ya habari na msaada iitwayo My Mind, My Funk.

Kisiwani swali hilo halipo. Bwejuu kila mtu anamjua mwenzake, na siku mtu alipougua wote walisikia. Kinachobaki ni nani atamsemea. Nahodha humchukua tena baharia wake pale ndugu au mzee anayeheshimika anapomweleza mambo matatu: kwamba dawa inatumika, dalili za kurudi kwa ugonjwa ni zipi, na nani aitwe zikionekana. Dalili za mapema hutofautiana kwa kila mtu lakini kwa mtu mmoja hujirudia: mmoja huacha kulala, mwingine huacha kuoga, mwingine huanza kugombana juu ya mgawo.

Kurudi huanza kwa kazi nyepesi ya pwani, kisha safari fupi za mchana akiwa na mwenzake, kisha zamu kamili. Asishike usukani wala kuzamia wakati kipimo cha dawa bado kinabadilishwa. Fedha nazo hupangwa mapema. Mwenye bipola anayejua kwamba akipanda hukopa na kugawa humwachia mama au dada yake sehemu ya mgawo wake, na hukubaliana nao kwamba mtumbwi na nyavu haviuzwi bila wao kuwepo. Makubaliano hayo hufanywa akiwa mzima, mbele ya mtu wa tatu kama mwenyekiti wa kitongoji au imamu, ili siku atakapokuwa mgonjwa na kudai kwamba ameibiwa, awepo wa kumkumbusha alichokisema mwenyewe.